Kuchagua LSD kwa Altezza na ndugu zake: mwongozo kwa gari la barabarani

Altezza ikitoka kwenye kona yenye maji, tairi ya ndani ndiyo inayoanza kupiga kelele. Mshale wa mizunguko unapanda, injini inalia, gari halisogei inavyotakiwa. Hapo ndipo wenye magari mengi huanza kuulizia LSD, yaani difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi ya kushoto na ya kulia) inayozuia tairi moja isizunguke bure peke yake, na gereji nyingi zitawapa jibu moja: tafuta "tu-wei" (2WAY, inayobana ukikanyaga mafuta na ukiachia) ya pleti, kama wanazofunga watu wa drifti. Kwa gari linalokupeleka kazini Jumatatu, linalopanda matuta ya mtaani na kwenda Morogoro au Nakuru mwisho wa mwezi, ushauri huo haufai. Utalipa fedha nyingi, difu itanguruma kila ukiegesha, na siku ya mvua gari litateleza kwa namna ambayo hukuizoea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: gari la michezo linaloishi barabarani lifungwe kwanza LSD ya meno ya mshazari, aina ya Torsen au Quaife. LSD ya pleti ni nzuri sana, lakini ni ya mtu mwenye sababu. Nitatumia Altezza kama mfano kwa kuwa ni gari linalosukumwa na tairi za nyuma na linapendwa na wengi wetu, lakini hesabu ni ileile kwa Mark II, Chaser, Mark X, Silvia na Roadster. Subaru, na Honda zinazovutwa na tairi za mbele, nitazigusa zinapotofautiana.

Hatua ya 1: Jua kwanza una difu gani

Wapo wanaonunua LSD wakati tayari wanayo, imechoka tu au imewekewa mafuta yasiyofaa. Altezza RS200 nyingi za gia ya mkono, zenye injini ya 3S-GE, zilitoka na Torsen. AS200 za otomatiki zenye 1G-FE, ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu, kwa kawaida zina difu ya wazi, yaani isiyo na LSD. Kwenye kibati cha utambulisho cha Toyota kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Msimbo wa ekseli ulio pale, pamoja na namba ya chesisi, utakuonyesha kwenye katalogi ya spea gari lilitoka kiwandani na difu ipi. Usiishie hapo. Gari lenye miaka zaidi ya 20 linaweza kuwa limebadilishiwa difu mara kadhaa kabla halijakufikia.

Pima kwa mkono. Weka gari pahali tambarare, zuia tairi za mbele kwa magogo au vizuizi, inua tairi zote mbili za nyuma na uliweke gari juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi. Gia iwe nyutro, breki ya mkono iwe imeachiwa. Zungusha tairi moja. Ya pili ikizunguka uelekeo uleule, una LSD ya pleti iliyo hai, au viskasi (LSD ya mafuta mazito, nitaieleza kwenye Hatua ya 3) ambayo bado ina nguvu. Ikizunguka kinyume, difu yako inaweza kuwa ya wazi, inaweza kuwa ya pleti zilizokwisha, na inaweza pia kuwa Torsen nzima kabisa, maana meno ya mshazari hayakazi vizuri pasipo nguvu ya injini. Wengi hukosea hapa: wanaona tairi zinapishana, wanasema "hii haina LSD", kisha wanauza difu ya thamani kwa bei ya chuma chakavu.

Kumaliza ubishi, fungua nati ya kujazia mafuta na ingiza kamera ndogo ya waya, ile inayochomekwa kwenye simu. Difu ya wazi ina madirisha makubwa kwenye kizimba chake, na ndani utaona gia ndogo zimekaa msalaba. Kizimba cha Torsen kimefungika zaidi, na gia zake zimelala kufuata urefu wa ekseli au zimejipinda kama skrubu. Angalia pia kama difu ina kibandiko kinachosema itumike mafuta ya LSD pekee.

Onyo ambalo kila mtu wa gereji anapaswa kulijua: kama hujahakikisha difu ni ya wazi, usiwashe injini na kuingiza gia wakati tairi moja iko juu na nyingine iko chini. LSD itapeleka nguvu kwenye tairi iliyo chini, na gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Hatua ya 2: Angalia tairi inapotezaje mshiko

Kuna hali tatu, na kila moja inadai jibu lake. Ya kwanza ni kutoka kwenye kona: uzito umehamia nje, tairi ya ndani imekuwa nyepesi lakini bado inagusa lami. Ya pili ni upande mmoja kuwa na utelezi, kwa mfano tairi ya kushoto iko kwenye tope la pembezoni na ya kulia iko kwenye lami. Ya tatu ni tairi kuning'inia kabisa hewani, kama unapopanda tuta kwa mshazari au unapoingia geti lenye mteremko ukiwa na springi fupi na ngumu.

Kabla ya kulaumu difu, kagua vingine. Tairi kongwe zilizokauka hazitaokolewa na LSD. Shokapu iliyokufa upande mmoja huifanya tairi idunde na kupoteza mshiko kila ikikuta mkwaruzo. Bushi za nyuma zilizolegea hubadilisha uelekeo wa tairi pale unapokanyaga mafuta, na dereva huhisi kana kwamba difu ndiyo mbaya. Na kama una AS200 ya otomatiki yenye nguvu za farasi 160, uendeshaji wako ni wa kawaida, na tairi hazijawahi kukuzungukia kwenye lami kavu, fedha hizo zipeleke kwenye tairi nne nzuri na shokapu. Utaona tofauti kila siku, si kwenye kona chache tu.

Ukishakagua hayo, na tatizo likabaki, endelea.

Hatua ya 3: Elewa aina zenyewe

Difu ya wazi hugawa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, sawasawa kushoto na kulia. Watu husema inapeleka nguvu yote kwenye tairi inayoteleza. Si hivyo. Inatoa kiasi kilekile pande zote mbili, na kiasi hicho kinaamuliwa na tairi dhaifu. Kama tairi iliyo kwenye tope inaweza kupokea Nm 100 (Nm ni kipimo cha torki) tu kabla ya kuteleza, ile iliyo kwenye lami nzuri nayo itapata Nm 100. Jumla ni 200, hata injini iwe na nguvu kiasi gani.

LSD ya meno ya mshazari, kama Torsen, inaruhusu tairi yenye mshiko kupata zaidi kwa uwiano maalumu. Uwiano ukiwa 2.5, tairi dhaifu ikishika Nm 100, nzuri itapata 250. Jumla inakuwa 350, na gari linaondoka. Mbunifu wa Torsen alikuwa Mmarekani Vernon Gleasman, aliyeipatia hataza mwaka 1958, na hadi leo wazo lake ndilo linalofungwa kiwandani kwenye magari kama Toyota 86. Ndani hakuna pleti. Gia zenyewe hujikandamiza kwenye kuta za kizimba kadiri nguvu inavyoongezeka, na msuguano huo ndio unaozuia tairi moja isikimbie peke yake. Ukiachia mafuta, inalegea. Ukiegesha, iko kimya. Mke wako au mama yako anaweza kuendesha gari hilo bila kujua kuna kitu kimebadilika, na kwa gari la familia hiyo ni sifa kubwa.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu ileile. Tairi ikiwa hewani, mshiko wake ni sifuri, na sifuri mara 2.5 ni sifuri. Kwa hiyo kwenye hali ya tatu niliyoitaja hapo juu, Torsen hugeuka kuwa karibu sawa na difu ya wazi. Dawa yake ni ya mguuni: kanyaga breki kidogo huku ukiendelea kukanyaga mafuta. Breki inaipa tairi inayoning'inia mzigo wa kusukumana nao, na difu inapata kitu cha kuzidisha. Madereva wa Humvee za jeshi la Marekani, ambazo zina Torsen mbele na nyuma, hufundishwa mbinu hiyohiyo. Geti lenye mteremko halitakushinda ukiijua.

LSD ya pleti hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani kuna pleti zilizopangwa kama za klachi, na bangili mbili za chuma zenye miteremko iliyochongwa. Torki ikiingia, pini ya katikati inapanda miteremko hiyo, bangili zinasukumwa nje, pleti zinabanwa, na ekseli mbili zinaanza kwenda pamoja. Juu ya hapo kuna springi zinazozibana pleti hata kabla hujakanyaga mafuta. Huo ndio mkazo wa awali, na kwa sababu yake difu ya pleti inaendelea kuvuta hata tairi moja ikiwa hewani.

Aina hii inaweza kurekebishwa karibu kila kitu: idadi ya pleti, mkazo wa awali, pembe za miteremko. Ndiyo maana wanamashindano wanaipenda, na wana haki. Lakini pleti zinaisha. Zinataka mafuta yake maalumu na kubadilishwa mara kwa mara. Ukikata kona ya kuegesha, zinashikana na kuachia, na utasikia mgongano wa "kak-kak-kak" ukitoka nyuma. Mkazo wa awali ukiwa mkubwa, tairi ya ndani inakwaruza lami kila unapogeuza gari polepole, na gari linakataa kukunja.

Kwenye boksi utaona maandishi 1WAY, 1.5WAY au 2WAY. Njia moja ina maana inabana unapokanyaga mafuta tu. Njia mbili inabana kwa nguvu ileile unapokanyaga na unapoachia. Njia moja na nusu inabana sana unapokanyaga na kiasi unapoachia. Anayedrifti anataka njia mbili ili nyuma ibaki imefungwa hata akiachia mafuta katikati ya mtelezo. Kwa barabarani hiyo ni adha: unaingia kona, unaachia mafuta, difu bado imebana, gari linataka kwenda moja kwa moja wakati wewe umekunja usukani. Kama ni lazima ununue pleti kwa gari la kila siku, nunua njia moja na nusu yenye mkazo mdogo wa awali. Magari yanayovutwa na tairi za mbele hupewa njia moja, au zaidi ya yote meno ya mshazari, kama Honda walivyofanya kwenye Civic Type R ya EK9 na Integra Type R ya DC2.

Viskasi nitaipitia haraka kwa sababu sikushauri uinunue. Ni chombo kilichofungwa chenye pleti nyingi nyembamba zinazoogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Inasubiri tairi moja izunguke haraka kuliko nyingine ndipo ikaze, kwa hiyo siku zote inachelewa. Ilifungwa kwenye Silvia za S13 na S14, kwenye Mazda Roadster ya kwanza ya injini ya 1.6, na nyuma ya Subaru WRX nyingi. Silikoni huzeeka kwa joto na kwa miaka, na kwa kawaida chombo hakifunguliwi kutengenezwa. Ikiwa gari lako lilikuja nayo na limeshapita miaka 20, ichukulie kuwa imechoka mpaka vipimo vikuonyeshe vingine.

Na ile ya kulehemu gia za ndani ya difu? Usifanye kwenye gari la barabarani. Ekseli mbili zinakuwa kipande kimoja, kila kona tairi moja lazima iburuzwe, na mzigo huo unabebwa na shafti za nyuma na viungo vyake. Shafti ikikatika kwenye mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu, hatari si yako peke yako.

Hatua ya 4: Soma namba bila kudanganywa

Wauzaji wa LSD za Ulaya hutaja asilimia, na wauzaji wa meno ya mshazari hutaja uwiano. Ni kitu kilekile kwa lugha mbili. Asilimia 25 ina maana tofauti kati ya tairi mbili ni robo ya torki yote, yaani mgawanyo wa 62.5 kwa 37.5, ambao ni uwiano wa kama 1.7. Asilimia 40 ni 70 kwa 30, yaani kama 2.3. BMW walitumia pleti za asilimia 25 kwenye E30 zao za kasi. Kwa hiyo ukiambiwa Torsen yenye uwiano wa 2 hadi 2.5 ni "ya kina mama", jua anayekwambia hajapiga hesabu.

Pembe za miteremko ni mtego mkubwa zaidi. Kampuni moja itaandika 55 kwa 20, nyingine 30 kwa 60, na mnunuzi atalinganisha kana kwamba ni vipimo vya aina moja. Makampuni hayapimi pembe kutoka upande mmoja. Kwa baadhi ya watengenezaji namba kubwa ndiyo inayobana zaidi, kwa wengine namba ndogo. Soma jedwali la mtengenezaji wa difu hiyo tu. Usichukue namba ya Cusco, kampuni ya Japani, ukaipeleka kwenye difu ya Ulaya.

Mkazo wa awali ndio unaoamua maisha yako ya maegesho. Muulize muuzaji namba yake, na kama anauza difu iliyotumika, muulize kama pleti zilipangwa upya na nani. Kampuni nyingi huruhusu kupunguza mkazo kwa kutoa springi au kubadili mpangilio wa pleti. Kwa gari la barabarani, upunguzwe hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa.

Hatua ya 5: Hakikisha itaingia

Jina la gari halitoshi. Vitu vitatu lazima vilingane: kipenyo cha krauni (gia kubwa ya mviringo ndani ya difu), idadi ya meno ya shafti zinazoingia kwenye difu, na umbo la kizimba mahali krauni inapofungwa. Altezza moja na nyingine zinaweza kutofautiana kulingana na injini na gia boksi, kwa hiyo nunua kwa namba ya chesisi na uhesabu meno ya shafti yako kwa macho yako. Upande wa Subaru, difu ya nyuma ya R160 na ile ya R180 ya STI hazibadilishani kirahisi. Majina hayo yanataja kipenyo cha krauni kwa milimita, na shafti zake ni tofauti.

Ukinunua moyo wa LSD peke yake, yaani kizimba na vilivyo ndani yake, krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) zako zinabaki, na uwiano wa gari haubadiliki. Ukinunua difu nzima kutoka gari jingine, uwiano unakuja nao. Hesabu meno ya krauni, gawanya kwa meno ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3. Namba kubwa inaondoka haraka lakini injini itazunguka zaidi kwenye safari ndefu, na kwenye magari yanayosoma mwendo kutoka gia boksi, spidomita itadanganya.

Kwa Subaru na gari lolote linalovuta tairi zote nne, uwiano wa mbele na nyuma lazima ulingane kabisa. Ukifunga nyuma 4.444 wakati mbele ni 4.111, difu ya katikati itapambana nayo kila mita unayotembea hadi iungue.

Gari lenye mfumo wa kudhibiti utelezi, kama Mark X nyingi, linasoma mwendo wa kila tairi na kupiga breki tairi moja moja. Difu ya pleti yenye nguvu inaziunganisha tairi mbili ambazo kompyuta inataka kuzidhibiti kila moja kivyake, na unaweza kuona taa zikiwaka au breki zikiingilia ovyo. Meno ya mshazari hukaa vizuri zaidi na mifumo hii.

Hatua ya 6: Kununua

LSD nyingi zinazofika kwetu ni zilizotumika: kutoka Japani moja kwa moja, au kupitia masoko ya spea ya Sharjah, kisha zinaingia Gerezani pale Dar au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Difu nzima ya kiwandani ya Torsen kutoka gari lililokatwa ni ununuzi mzuri, pengine mzuri kuliko vyote kwenye mwongozo huu, kwa sababu meno ya mshazari hayachakai haraka na krauni imeshapangwa na kiwanda. Difu ya pleti iliyotumika ni kama kununua klachi iliyotumika: inunue tu kama umeweka pembeni fedha za pleti mpya.

Pale dukani, usikubali kuuziwa difu iliyooshwa kwa petroli ikang'aa. Omba iliyo na mafuta yake. Fungua nati yenye sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Tazama meno ya krauni kwa tochi: mashimo madogo, kingo zilizomeguka au rangi ya bluu ya kuungua ni sababu ya kuondoka. Shika mdomo wa pinioni, ule unaofungwa propela, na ujaribu kuutikisa juu na chini. Usitikisike hata kidogo. Kuzunguka kidogo kushoto na kulia kupo kwa kawaida, lakini kukiwa kwingi kupita upana wa ukucha, beringi au meno yamechoka.

Mwombe muuzaji akuandikie kuwa utairudisha ndani ya siku kadhaa ikionekana ni ya wazi. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakataa.

Hatua ya 7: Kufunga

Kubadilisha difu nzima ni kazi ya spana, jeki ya gia boksi na subira. Badilisha oil sili za shafti na ya pinioni wakati difu iko chini, maana ni za bei ndogo na kazi ya kuzifikia ndiyo ghali.

Kubadilisha moyo peke yake ni kazi nyingine kabisa, na hapa fundi ndiye anayeamua kama LSD yako itadumu. Mtafute mwenye geji ya saa, ile yenye mshale unaopima sehemu ndogo za milimita, na umuulize atapima nafasi kati ya krauni na pinioni kwa namna gani. Kwenye Toyota nyingi nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.13 na 0.18, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Anayepima kwa kutikisa na kusema "hapa iko sawa" atakurudishia gari linalolia kama ndege ya mbali kila ukifika kilomita 80 kwa saa. Beringi za pembeni ziwe mpya, boliti za krauni zikazwe kwa spana ya torki, na meno yapakwe rangi kisha yazungushwe ili kuona yanakutana wapi. Alama iwe katikati ya jino. Ikiwa ukingoni, afungue na kupanga upya shimu, yale mabati membamba ya kurekebisha nafasi. Usione haya kusimama pale na kuomba uonyeshwe alama hiyo. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa.

Hatua ya 8: Mafuta na siku za mwanzo

Meno ya mshazari hutumia mafuta ya difu ya kawaida ya GL-5, uzito wa 75W-90 au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Usiongeze ile dawa ya kupunguza msuguano inayouzwa kwa ajili ya LSD. Torsen inafanya kazi kwa msuguano, na ukiupunguza unajipunguzia uwiano ulioulipia.

Difu ya pleti inataka mafuta yaliyoandikwa LSD, ya uzito ambao mtengenezaji amesema, na hapo dawa hiyo huruhusiwa kidogo kama mlio umezidi. Pleti mpya lazima zilainishwe. Tafuta uwanja mpana, endesha polepole ukichora namba nane, kulia na kushoto kwa usawa, ukikanyaga na kuachia mafuta taratibu, upumzike difu ipoe, urudie. Kisha mwaga mafuta hayo. Yatatoka meusi na yenye unga, na hilo ni jambo la kawaida kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo fuata ratiba ya mtengenezaji, ambayo itakuwa fupi sana ukilinganisha na difu ya kiwandani. Kama umefunga pia krauni na pinioni mpya, kilomita mia chache za mwanzo ziwe za upole, bila kuvuta mzigo na bila mwendo mkali wa muda mrefu.

Tairi mbili za ekseli moja lazima ziwe na ukubwa uleule, aina ileile na uchakavu unaokaribiana. Tairi mpya kulia na kuukuu kushoto zinazunguka kwa idadi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka, na LSD yako inafanya kazi mchana kutwa bila sababu. Pleti zitaisha, viskasi itachemka. Tairi nyembamba ya akiba ni ya kukufikisha kwa fundi pancha aliye karibu, si ya kurudi nayo nyumbani mji mwingine. Pancha ikiwa ya nyuma, njia salama ni kuhamishia tairi nzuri ya mbele kule nyuma, na ile ya akiba iende mbele.

Hatua ya 9: Jifunze gari lako upya

Hiki ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote, kwa sababu wauzaji hawakisemi. Difu ya wazi ina ulinzi wake: ukikanyaga mafuta kupita kiasi kwenye kona yenye maji, tairi ya ndani pekee inateleza, ya nje inaendelea kushika na kulizuia gari lisigeuke. Unapoteza mwendo, hupotezi mkia. LSD inaondoa ulinzi huo. Inakupa mshiko mwingi zaidi kabla ya kuteleza, lakini mpaka ukifika, tairi zote mbili zinaachia pamoja na nyuma ya gari inatoka. Pleti hufanya hivyo ghafla zaidi, meno ya mshazari kwa upole zaidi, ila zote hufanya.

Kwa hiyo baada ya kufunga, tafuta eneo pana lililofungwa, lenye maji na lisilo na watu, na ukanyage mafuta kidogo kidogo kwenye mduara hadi uhisi nyuma inaanza kusogea. Achia taratibu, usiachie kwa kushtuka. Kama uko karibu na wanaoendesha autokrosi (mashindano ya magari kwenye uwanja uliofungwa), nenda nao siku moja, maana huko utajifunza salama kile ambacho barabara ya Mombo kwenda Lushoto haitakuruhusu kukifanyia majaribio. Kwa wiki chache za mwanzo za mvua, kwenye kona subiri usukani uanze kunyooka ndipo ukanyage.

Mwisho, andika juu ya difu kwa rangi isiyofutika: aina ya LSD, mafuta yaliyomo, na kilomita ulizoyabadilisha. Gari litapita mikononi mwa fundi mwingine, au siku moja mwa mmiliki mwingine, na maandishi hayo yatamzuia asiweke mafuta yasiyofaa au kuinua tairi moja na kuwasha injini.